Eda Chini ya Kuta za Mawe

Dada yangu alinipigia simu nikiwa nimelala chali chini ya lori, mjini Al Kamil, katika duka la matairi kando ya barabara ya Sur. Hakunisalimu.

"Mvua inakuja mlimani na shangazi hataki kutoka," alisema. "Wewe ndiye uliyeishi na theluji. Panda ukamtoe."

Nikamwambia mlima wa shangazi, Jabal al Akhdar, hauna theluji ya kumuua mtu.

"Una ukuta umefura nyuma ya jiko lake. Theluji na ukuta si vyote huanguka? Hebu nenda, baba. Wenzako wako kazini."

Hapo ndipo aliponipata. Shangazi yetu, mdogo wake baba, alikuwa amekaa eda. Mumewe alifariki mwanzoni mwa baridi, na mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba alimofiwa: hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Watoto hawakujaaliwa. Wanaume wanaoweza kuingia na kukaa naye ni maharimu zake tu, yaani sisi watoto wa kaka yake, na wenzangu wote wako Ibra na mishahara yao. Kila asubuhi wanabonyeza kidole kwenye mashine ya ofisini ili ijulikane kuwa wamefika. Katika ukoo mzima ni mimi peke yangu nisiye na kidole kinachosubiriwa.

Nikanawa grisi, nikawasha gari langu kuukuu. Ni gari la kupandia mlima. La namna nyingine polisi waliopo chini hawalipitishi. Njia nzima nilikuwa nimechoka kabla sijafanya lolote.

Niseme hapa hiyo theluji niliipatia wapi. Skuli niliiacha mapema. Si kwamba nilishindwa, nilichoka kukaa mahali pamoja. Nimepanga samaki kwenye barafu Sur, nimechemsha chai katika kambi za watalii mchangani, nimebeba magunia sokoni Nizwa. Mwisho nikafika milima ya Kaukazi, kwenye hoteli ya watu wanaokwenda kuteleza juu ya theluji. Wageni wa Ghuba walikuwa wengi, akatakiwa mtu wa kuwaambia kwa Kiarabu kwamba chai inakuja na kwamba njia ile imefungwa. Mlangoni palikuwa na ubao, na kila asubuhi iliandikwa hapo namba, kuanzia moja mpaka tano. Moja, mlima umetulia. Tano, usitoke. Nikataka kujua ni nani anayeujua mlima kiasi cha kuupa namba.

Alikuwa mwanamke mmoja mkali, mvuta sigara. Nilimfuata mpaka akachoka kunifukuza. Alichimba shimo mteremkoni, akaunyoosha ukuta wa shimo kwa sepetu kama mtu anayekata keki, akaniambia nitazame. Ndipo nikaona theluji si kitu kimoja. Ni matabaka, na kila tabaka lina siku yake. Hili lilikuja na upepo, limekaza. Hili lilikuja kimya, ni jepesi kama pamba. Na lile la chini kabisa, lililokaa siku nyingi katika baridi kali, limegeuka chembechembe kama sukari. Ukilitia kiganjani halishikani. Juu unaona kitanda kimetandikwa, kumbe miguu yake imeliwa. Akaweka sepetu juu ya kipande alichokikata, akaigonga kwa kiganja, polepole, kisha kwa nguvu, mpaka kipande kizima kikateleza kikatuangukia magotini.

"Tatu," alisema.

Nikamwuliza mlima utaporomoka lini. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. Alisema angejua lini, asingeandika namba, angeandika saa. Akasema pia kwamba anaiogopa tatu kuliko tano. Tano humtisha kila mtu akabaki ndani. Tatu haimtishi mtu, na watu hutoka.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo nyumbani, pamoja na kikohozi. Ukoo ukanipa jina la Bwana Theluji, na jina likakaa.

Shangazi nilimkuta sebuleni, amejifunika nguo nyeupe, mkono umeshika tasbihi na mwingine umeshika simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kukusalimu."

"Mwongo mkubwa. Dada yako ananipigia tangu alfajiri. Kaa unywe kahawa, upate nguvu ya kusema uongo vizuri."

Alizaliwa Unguja mjini na akaletwa Ibra akiwa msichana. Kisha, kwa mshangao wa watu wote, akaolewa na mkulima wa mawaridi wa juu ya mlima, mtu asiyejua neno moja la Kiswahili. Alikaa huko umri wake mzima na Kiswahili chake hakikuchuja. Ng'ambo ya korongo aliishi wifi yake, dada wa marehemu, ambaye kwa miaka yote hiyo alijifunza "njoo", "kula" na "basi", akaona yanatosha.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nani asiyeyajua mashamba ya mlima ule: yamepangwa kama ngazi, moja juu ya jingine, na kila moja limezuiwa na ukuta wa mawe yasiyo na saruji. Marehemu alizitengeneza kuta zake kila baada ya mvua, jiwe kwa jiwe. Halafu akaugua, akaugua miaka, na vijana wa kijiji walikuwa wameshateremka Nizwa kutafuta mashine za kubonyeza vidole. Ukuta wa juu ya jiko ulikuwa umetoa tumbo kama mwanamke mwenye mimba pevu.

Nikachukua jembe nikachimba shimo shambani, nikaunyoosha ukuta wa shimo kama nilivyofunzwa. Juu, udongo mzuri mweusi, ambao mababu wa marehemu waliupandisha kwa vikapu. Chini yake, changarawe. Chini ya changarawe, jabali tupu, laini, limeinama kuelekea jikoni kwa shangazi. Na kati ya changarawe na jabali palikuwa na utando wa tope. Nikautia kidole. Ulikuwa kama sabuni.

Nilirudi ndani nikasema ni bora atoke.

"Ukuta utaanguka?"

"Huenda."

"Huenda hata mimi nikaanguka hapa nilipokaa. Nakuuliza utaanguka?"

"Sijui, shangazi."

"Basi sitoki. Mtu hatoki katika eda kwa sababu ya 'sijui'."

Akampigia shekhe wa Nizwa, mzee aliyemsalia mumewe, akaiweka simu katikati ya mkeka ili tusikie sote. Shekhe alisema sheria haina ugumu: mjane akihofia roho yake, au nyumba kumwangukia, anahamia mahali pa karibu penye salama, anamalizia huko, na hana dhambi. Lakini iwe hofu ya kweli.

"Nani anayesema nyumba itaangukiwa?"

"Mtoto wa kaka yangu. Alikuwa nchi za theluji."

"Mwache aseme. Ya ibni, mwanangu, una hakika?"

"Hakika sina, shekhe. Naona ni tatu."

"Tatu nini?"

"Tatu katika tano."

Nikamsikia shekhe anavuta pumzi.

"Mimi hiyo tatu yako siijui. Nijibu hili. Wewe mwenyewe unaweza kulala katika nyumba hiyo mvua ikinyesha?"

Nikafikiri. Nikasema siwezi.

"Basi umeshajibu," alisema, akaaga.

Shangazi akaiokota simu mkekani. Kisha akaomba birika lake na mkeka wake wa kusalia, akajifunika, nikampeleka kwa wifi yake ng'ambo ya korongo. Wifi alikuwa mlangoni anapunga mkono: "Njoo! Njoo!"

Mvua ilikuja, na mvua ya mawe juu yake. Mlima uligeuka mweupe. Kulipotulia, magari yakapanda kutoka Nizwa kuja kuona. Akina baba walivua viatu wakakanyaga barafu kwa miguu mitupu, wakapiga kelele kama watoto. Familia moja ilijaza barafu ya mbinguni katika sanduku la kuwekea samaki, ikashuka nayo mbio. Mimi nilisimama nyuma ya jiko. Ukuta ulikuwa pale pale, na tumbo lake.

Shemeji yangu, mume wa dada, akapiga simu kutoka ofisini.

"Bwana Theluji! Mlima wako upo?"

"Upo."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Maliza basi kahawa yako, urudi kwenye matairi."

Shangazi hakucheka. Alirudi nyumbani kwake akitembea, mkono begani kwangu, na magoti yake yalikuwa yanalia. Alipokwisha kukaa, akasema: "Nimetoka nyumba ya mume wangu kwa ajili ya namba. Sasa sikiza. Shekhe kakuuliza kama unaweza kulala humu. Haya, lala. Chumba kile kitupu. Siku utakayoshindwa kulala, nitatoka wala sitakuuliza. Siku utakayolala, usinisumbue na tatu zako."

Nilidhani ni maneno ya hasira. Jioni nikakuta ametandika godoro.

Ndivyo nilivyobaki. Mtu ambaye hajamaliza mwaka mahali popote alikaa chini ya ukuta ule, akingoja siku za mwenzake ziishe. Wifi alifurahi mno. Alikuja kila siku na mkate na samli, akiniona tu anawaambia wanawake wenzake kwa Kiarabu, "Mtazameni mwanamume wa kwanza duniani kukaa eda." Wakataka kujua kama nami najizuia manukato. Nikawaambia ninanuka mafuta ya breki, waje wanuse. Wakanifukuza kwa viatu.

Nilipigilia chuma kimoja katika jabali na kingine katikati ya ukuta, nikafunga uzi wa waashi kati yake. Ukuta ukisogea, uzi utakaza. Huo ndio ulikuwa ubao wangu. Nilikwenda kuugusa baada ya kila sala. Nikiwa nakula niliuwaza. Nikiona wingu dogo upande wa Nizwa, naacha sahani nakwenda kuugusa tena. Mwanzoni ilikuwa udadisi, na udadisi ndio chakula changu. Nilitaka kujua maji huchukua muda gani kushuka kutoka juu mpaka kwenye jabali, nikawa namwaga ndoo na kusubiri chini yanapotokea. Baadaye udadisi ulikwisha, ikabaki kazi ya kutazama. Sijawahi kubeba gunia zito kama ule uzi.

Mara ya pili nilimtoa kwa sababu ya wingu jeusi lililofunika bonde lote. Halikuanguka tone. Tulikaa kwa wifi tukila, "Kula! Kula!", na nje jua likatoka likatucheka. Shangazi hakunigombeza. Ningependa angegombeza. Alirudi akijikokota, akakaa mkekani, akajikanda magoti, akasema kwa sauti ya chini tu, "Na mimi ni mtu mzima, mwanangu."

Tangu siku hiyo nilimwona yule mwanamke wa Kaukazi kwa jicho jingine. Kule watu walimtukana kila alipofunga njia na mlima usiporomoke. Nilikuwa nikidhani ukali wake ni tabia. Kumbe alikuwa amechoka kusema kweli bila ushahidi, na asubuhi inayofuata ilibidi aandike namba tena.

Ukaja msimu wa mawaridi. Watu walitoka kabla ya jua kuchuma, na nyumba ya wifi, ambayo ndiyo ya kukamulia marashi, ikawa inafuka moshi mchana kutwa. Mvua nyepesi ikanyesha siku kadhaa mfululizo, si ya kutisha mtu, mvua ya wakulima kusema alhamdulillah. Uzi ukalegea kidogo, kisha ukakaza. Nililala nyumbani siku zote hizo, shangazi naye akalala. Kisha mawingu yakaondoka, asubuhi ikapambazuka safi, kila jani linang'aa. Kijiji kizima kilikuwa mashambani, vikapu mabegani, watu wanaitana kwa furaha.

Nikaenda kuugusa uzi. Ulilia kidoleni kama waya wa udi wa taarabu. Kile chuma kilichokuwa ukutani kilikuwa kimeinama. Chini ya ukuta yalikuwa yanatoka maji. Maji nilikwisha kuyaona, hutoka meupe baada ya kila mvua, lakini haya yalikuwa mekundu, yanakuja na udongo. Nikachuchumaa nikayatazama. Kule kwenye theluji, siku ya jua baada ya siku za theluji kuanguka ndiyo siku ambayo yule mwanamke alikuwa hamalizi sigara yake kwa wasiwasi.

Shangazi alikuwa amefungua dirisha, jua linampiga usoni.

"Shangazi, twende."

"Jua hilo."

"Naliona."

"Watu wanachuma mawaridi."

"Nimewaona."

Akafumba macho. "Zimebaki siku chache. Nilitaka niishie humu. Yeye alifia humu, nami nilitaka nitoke humu, kwa mlango wake, nimemaliza. Kitu hicho tu. Sikuomba kingine."

"Najua."

"Una hakika?"

"Sina."

"Namba?"

"Usiniulize namba. Leo siwezi kulala humu."

Alizungusha tasbihi mpaka nikadhani ataniambia nitoke mimi. "Wewe huna hakika hata siku moja," alisema mwisho.

"Sina, shangazi."

"Marehemu alikuwa na hakika na kila kitu. Alikuwa anachosha." Akaninyooshea mkono. "Nipe viatu vyangu."

Nilimvusha korongo polepole. Wachumaji walitutazama, mmoja akauliza kama mzee anaumwa. Nikasema haumwi. Akauliza basi anakwenda wapi na jua zuri hivi, nikamwonyesha ng'ambo. Nikawaambia waliokuwa shamba la chini wasikae chini ya ukuta ule. Walisogea, lakini kwa kicheko.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, tumekaa kwa wifi, tunakula. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa sauti ya mtu anayemimina mchele kutoka kwenye gunia, ila gunia halikuwa linaisha. Nikatoka mlangoni. Ukuta haukuanguka, ulikaa, kama mzee anavyokaa, tumbo kwanza. Shamba lililokuwa juu yake likaufuata zima, pamoja na mkomamanga wake umesimama wima, likateleza mpaka nyuma ya nyumba. Kisha vumbi, na watu wanapiga kelele mashambani.

Udongo uliuvunja mlango wa jiko, ukaingia mpaka juu ya meko, ukasukuma friji likalala ubavu. Ukuta wa chumba cha kulala haukuguswa. Saa ile kwa kawaida shangazi ama yuko jikoni anapasha kahawa ama amejinyoosha chumbani. Ipi kati ya hizo ingekuwa siku ile, hakuna anayejua.

Ijumaa shemeji alipanda na dada. Alikwenda kutazama, akapima kwa hatua, akarudi kwa wifi anafuta vumbi viatuni. Si maharimu yake, basi shangazi alikuwa nyuma ya pazia.

"Lakini chumbani udongo haukufika," alisema shemeji. "Wallahi angekuwa chumbani, asingejua hata kitu."

"Jikoni umefika," ikajibu sauti nyuma ya pazia. "Au unadhani mimi nakaa chumbani siku nzima kama pambo?"

Dada akacheka mpaka akashika ukuta. Shemeji akaniangalia mimi kana kwamba nimesema mimi.

Siku zilizobaki shangazi alizimalizia kwa wifi yake. Hakupata alichokitaka. Badala ya nyumba ya mumewe alikuwa katika nyumba iliyojaa mvuke wa mawaridi, masufuria yanachemka chumba cha pili, harufu imeingia mpaka ndani ya mito. Mjane hajitii manukato, na yeye alikuwa analala ndani ya chupa ya marashi. Alifungua madirisha, haikusaidia. Akampigia shekhe. Sikusikia jibu, lakini alipokata simu alisema, "Mimi sikujitia. Imenifuata." Na baadaye kidogo, kwa sauti nyingine, "Ndiyo harufu yake yeye. Alikuwa akirudi nayo kila siku ya msimu."

Mimi na vijana wachache waliopanda kutoka Nizwa tuliuzoa udongo jikoni kwa vikapu, kama ulivyopandishwa na mababu. Tuliurudisha shambani, na wazee wakaanza kuujenga ukuta upya, mawe makubwa chini. Juu ya pale ulipokuwa lilibaki jabali tupu, jeupe, limeoshwa. Nililitazama sana. Mlima ukishamwaga ulichokuwa nacho, hapo ndipo unapolalika.

Siku eda ilipokwisha shangazi alioga, akavua nyeupe, akavaa kanga ya rangi, akavuka korongo kwa miguu yake mwenyewe, wifi amemshika mkono. Akaingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka vyumba vyote. Jikoni alipitisha kidole juu ya meko, akalitazama vumbi, akalipuliza. Kisha akaja nyuma nilikokuwa nang'oa kile chuma kilichoinama.

"Huo uzi wako una kazi tena?"

"Hauna."

"Nipe nianikie nguo."

Akaufunga mwenyewe, kutoka dirishani mpaka kwenye mkomamanga, ambao ulishuka na shamba na bado ulikuwa hai. Akaanika zile nguo nyeupe, moja moja, akazinyoosha kwa viganja. Wifi akaja na sinia. "Kula," aliniambia. "Basi."

Shangazi alikuwa ananitazama. Macho yangu najua yalikuwaje, kwa kukesha kote kule.

"Na leo je?" alisema. "Unaweza kulala humu?"

Nikatazama jabali, nikatazama mbingu, kwa mazoea tu.

"Leo naweza."

"Basi nenda kalale. Kahawa nitakunywa na wifi yangu."

Nikaingia chumbani, nikajinyoosha juu ya lile godoro, mchana kweupe, viatu miguuni. Niliwasikia wanawake wawili wakicheka nje, mmoja kwa Kiarabu, mmoja kwa Kiswahili. Nikajaribu kusikia kinachochekwa ni nini, nikashindwa, nikalala.